Nani Ameshika Ufunguo wa Namanga?

Soko la Noonkopir, hapa Kitengela, huamka kabla ya jua. Saa kumi na moja asubuhi malori yaliyotoka Namanga usiku yashafika, na vijana wanashusha vitunguu, neti baada ya neti. Mathe amekuwa akiuza vitunguu hapo tangu nikiwa darasa la tatu. Karo yangu ilitoka kwa neti hizo. Simu ninayoandikia makala haya ilitoka kwa neti hizo. Na ukweli ni kwamba vingi vya vitunguu hivyo si vya Kenya. Vinatoka Mang'ola, kule Karatu, Tanzania. Mathe anavipenda kwa sababu vimekauka vizuri na vinakaa. Kitunguu kinachooza haraka, anasema, kinakula faida yako usiku ukiwa umelala.

Sasa binamu yangu, mtoto wa kaka yake mathe, analima vitunguu. Yuko Kimana, chini ya Kilimanjaro, huku huku kaunti yetu ya Kajiado. Msimu uliopita alikodi ekari mbili, akanunua mbegu na dawa, akalipia mafuta ya pampu ya maji kwa pesa za kukopa. Siku alipovuna, malori ya Tanzania nayo yalikuwa yamejaa barabarani. Bei ikaanguka. Akaleta neti zake kwa mathe, shangazi yake wa damu, na mathe akampa bei ile ile ya soko. Hakumwongezea hata bob moja.

Jumapili hiyo tulikula kimyakimya. Hatimaye binamu akaweka kijiko chini.

"Anti, hii mpaka ingefungwa tu. China walifanya hivyo. Walijifungia miaka mia ngapi sijui, wakajijenga, na leo ndio hao wanatujengea reli."

Mathe hakuinua macho. "Mimi nilizaliwa mpaka ukiwa wazi," akasema. "Nikaanza shule ukiwa umefungwa. Uliza watu wetu wa Longido walikuwa wanafulia nini."

Halafu akamwongezea nyama.

Nimekaa na maneno ya hao wawili kwa miezi. Hoja ya binamu utaisikia kila mahali siku hizi: kwa matatu, kwa kinyozi, kwa vikundi vya WhatsApp vya wakulima. Inafaa kujibiwa kwa uzito, kwa sababu anayeitoa amepoteza pesa. Kwa hivyo nilianza kusoma, nikianza na China, nikamalizia nyumbani.

Twiga alipita mlango gani?

Kipande cha kwanza cha hadithi tunakijua, kwa sababu ni chetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika mbele ya mfalme Yongle wa China wakiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla, 1414, twiga mwingine alikuwa ameletwa kutoka Bengal. Wachina walimwita qilin, jina la mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana tu nchi ikiwa na mtawala mwema. Unaweza kufikiria jinsi mfalme alivyofurahi. Huku kwetu twiga unamwona ukiwa ndani ya matatu ya Namanga na hata hushtuki.

Aliyefungua njia hiyo ni amiri Zheng He, Mwislamu kutoka Yunnan. Meli zake zilifanya safari saba kati ya 1405 na 1433, na zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 2010 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle huko Mambrui, karibu na Malindi. Mwaka 2013 ikapatikana nyingine kisiwani Manda.

Baada ya 1433 safari zikaisha. Hapo ndipo watu kama binamu yangu huruka moja kwa moja: China ikajifungia. Lakini marufuku ya China hayakuanza baada ya Zheng He. Yalianza kabla yake. Mwaka 1371, Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, aliwakataza raia wake kwenda baharini kufanya biashara na wageni. Marufuku hayo yaliitwa haijin, yaani katazo la bahari. Kwa hivyo miaka yote ile ambayo meli za mfalme zilikuwa zinakata maji hadi pwani yetu, mtu wa kawaida wa Fujian aliyepakia hariri zake kwenda kuuza ng'ambo alikuwa mhalifu.

Biashara ya halali ilikuwa ya namna moja. Wajumbe wa nchi nyingine wanakuja, wanapiga magoti, wanatoa vitu vyao kama heshima kwa mfalme, kisha wanapewa zawadi zao na nafasi ya kuuza kidogo. Twiga wa Malindi alipita mlango huo. Ulikuwa mlango wazi kabisa, ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Hili lilinibadilisha mawazo. Nilidhani kufunga mpaka ni kukataa biashara. Ming hawakukataa biashara. Walikataa biashara isiyopita mikononi mwao.

Na tusiwacheke, walikuwa na sababu. Hongwu alichukua nchi baada ya vita virefu, na baadhi ya wapinzani wake walikuwa wamekimbilia visiwani. Maharamia walikuwa wanashambulia pwani. Baadaye hatari kubwa ikatoka kaskazini: mwaka 1449 Wamongolia walimteka mfalme wa China mwenyewe vitani. Serikali yenye adui upande huo haina hamu ya kulipia meli za kwenda kuona twiga.

Lakini Fujian ni nchi ya milima, ardhi ya kulima ni chache. Bahari ndiyo ilikuwa shamba lao. Ukimwambia mtu wa hapo asiende baharini ni kama kumwambia Mmasai asitoke na ng'ombe wakati wa kiangazi. Atatoka. Tofauti ni kwamba sasa atatoka usiku.

Katikati ya miaka ya 1500 pwani ile ililipuka. Kumbukumbu za serikali zilisema ni maharamia wa Kijapani, ila wengi wao walikuwa Wachina. Mmoja wa vigogo wao, Wang Zhi, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Japani na kuwa na meli na watu wengi. Ombi lake kwa serikali lilikuwa lile lile kila mara: fungueni biashara. Alijitokeza kwa mazungumzo, akakamatwa, akakatwa kichwa. Miaka michache baadaye, 1567, serikali ikaruhusu kile kile alichokuwa anaomba: bandari moja ya Fujian, Yuegang, ikafunguliwa kwa wafanyabiashara wenye vibali. Uharamia ukapungua. Watu wale wale waliokuwa maharamia wakarudi kuitwa wafanyabiashara.

Ukoo wa Qing uliofuata ulikaza zaidi. Mwaka 1661, ili kumkatia chakula adui aliyekuwa anapigana kutoka baharini, serikali iliamuru watu wa pwani ya kusini wahame kwenda bara, kilomita 15 na zaidi kutoka ufukweni. Vijiji vikachomwa. Fikiria mtu anachora mstari kutoka Namanga hadi Ilbisil na kusema asionekane mtu hapa. Marufuku ya bahari yaliondolewa 1684, Taiwan ilipokwisha kutekwa. Halafu kuanzia 1757 Wazungu wakaambiwa biashara yao yote ni mji mmoja tu, Guangzhou, na wauze kupitia makampuni machache yaliyopewa leseni. Mwaka 1793 Uingereza ilimtuma Macartney kuomba milango zaidi. Akajibiwa hapana. Mwishowe Waingereza wakapata bidhaa inayopita bila ruhusa, bangi haiifikii: afyuni. China ilipoikamata na kuiharibu, Waingereza wakaanzisha vita, na mkataba wa Nanjing wa 1842 ukafungua bandari tano kwa nguvu na kuchukua Hong Kong.

Kwa hivyo binamu akisema China ilijijenga kwa kujifungia, ninamuuliza: ni mwaka gani huo? Hao wanaojenga reli ni wa China iliyofungua milango kuanzia 1978, iliyoweka eneo maalum la biashara Shenzhen mwaka 1980. Hata hiyo haikufungua ovyo. Ilichagua kipi kiingie, kiingilie wapi, na kampuni ya mgeni ikitaka kuingia ifanye nini. Hapo binamu ana haki kidogo. Lakini kuchagua si kufunga.

Februari 1977

Tuje nyumbani. Kutoka Kitengela ukipita Isinya, Kajiado na Ilbisil, utafika Namanga kwa kama saa mbili. Huko mji ni mmoja wenye nchi mbili ndani yake. Mstari unaoukata ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukapinda kuzunguka Kilimanjaro. Wamasai hawakuulizwa. Boma likabaki huku, malisho yakabaki kule.

Kufungiwa si jambo geni Kajiado. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911, Wamasai walisukumwa kwenye eneo la hifadhi ambalo leo ndilo Kajiado na Narok. Kisha serikali ya mkoloni ikawa inaliweka chini ya karantini ya mifugo, mara nyingine miaka mfululizo. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa ya ng'ombe, na magonjwa yalikuwepo kweli. Lakini karantini hiyo pia ilimwondoa sokoni mfugaji Mmasai, na walowezi waliokuwa wanafuga ng'ombe wao hawakulia. Ng'ombe wakaendelea kuuzwa kwa njia za porini. Mfugaji aliyekuwa anauza ng'ombe wake mwenyewe akageuka mlanguzi.

Halafu ukaja mpaka wa wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli ilikuwa ya pamoja, bandari, posta, hata ndege. Makao yakawa Arusha, umbali wa lori la asubuhi kutoka Namanga. Miaka kumi haikuisha vizuri. Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, na Tanzania ilihisi imegeuzwa soko. Tanzania ilikuwa inajenga Ujamaa, Kenya inafuata soko huria. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na bila marais watatu kuketi maamuzi makubwa yalikwama. Magazeti yakaanza kutukanana. Kule ubepari wa Kenya uliitwa unyang'au. Huku ikasemwa kwamba kwao hata cha kugombania hakuna.

Januari 1977, shirika la ndege la pamoja lilisimama kwa madeni na ugomvi, na Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Mwanzoni mwa Februari Tanzania ikafunga mpaka. Namanga ikafungwa, na vivuko vingine vyote. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yakazuiliwa upande wa pili, na ndege ndogo pia.

Kwa nini watalii? Kwa sababu hapo ndipo palipouma. Mgeni alikuwa anatua Nairobi, analala Nairobi, anapanda gari la Nairobi, anaingizwa Serengeti na Ngorongoro, anapiga picha, anarudishwa Nairobi. Simba ni wa Tanzania, risiti ni ya Kenya. Na Tanzania ilikuwa imeshajenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971, ukingoja wageni. Kumbuka Hongwu sasa. Tanzania haikuchukia biashara ya utalii. Ilichukia utalii unaopita mikononi mwa mwingine.

Mathe alikuwa mtoto. Familia yao iko upande wa Kenya, nje kidogo ya Namanga. Dada mdogo wa koko, yaani nyanya yangu, alikuwa ameolewa Longido, upande wa Tanzania. Kabla ya hapo kwenda kumwona ilikuwa mguu na maziwa ya njiani. Baada ya hapo ikawa jambo la kunong'onezana jioni: nani yuko zamu, mwezi unatoka saa ngapi, punda atapita korongo lipi.

Mathe anakumbuka vitu, hakumbuki siasa. Anakumbuka vipande vya sabuni vikifungwa ndani ya shuka, na sukari ikishonewa kwenye mfuko wa unga. Anakumbuka mikebe ya Kimbo. Hivyo vilikuwa vinaenda kusini. Ng'ombe walikuwa wanakuja kaskazini. Usiku mmoja mjomba wake alirudi bila ng'ombe na bila pesa, na hakuna aliyeuliza. Kwa watoto hayo hayakuitwa magendo. Yaliitwa kwenda kwa mama mdogo.

Bidhaa ziliadimika sana Tanzania miaka ile, na haitakuwa haki kusema ni mpaka peke yake. Kulikuwa na vita dhidi ya Amin, 1978 hadi 1979. Bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya. Kulikuwa na ukame. Lakini nchi yenye shida zote hizo ilikuwa imefunga pia duka lililokuwa jirani. Na Kenya nayo ililipa. Ilipoteza soko la Tanzania, na ikapoteza barabara ya kupeleka bidhaa Zambia, ambayo ilipita huko huko. Wenye malori ya masafa marefu waliamka siku moja hawana kazi.

Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha msako mkali dhidi ya wahujumu uchumi. Sokoine mwenyewe alikuwa Mmasai wa Monduli, nchi inayopakana na Longido. Walanguzi wakubwa walikamatwa, lakini hata mtu mwenye katoni chache za sabuni aliogopa, na watu wakatupa bidhaa vichakani usiku zisikutwe nyumbani kwao. Nikisoma hilo ninamwona Wang Zhi, na ninawaona wavuvi wa Fujian. Kwanza sheria inaiita biashara kosa. Kisha inashangaa kuona wakosaji ni wengi hivi.

Novemba 1983, baada ya miaka karibu saba, mpaka ulifunguliwa. Moi, Nyerere na Obote walikubaliana Arusha, na mwaka uliofuata ugawaji wa mali ya Jumuiya ukatiwa saini baada ya upatanishi mrefu wa Mswisi mmoja, Victor Umbricht. Koko alienda Longido kwa barabara, mchana, akiwa amevaa shanga zake zote. Dada yake alikuwa amezaa watoto watatu ambao koko hakuwahi kuwaona mchana.

Je, ilisaidia?

Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu nimewahi kubishana na jamaa wa Arusha kuhusu hili na hakuwa mjinga. Alisema: kabla ya 1977 Arusha ilikuwa kituo cha kupita. Leo ni mji wa utalii wenye kampuni zake, madereva wake, hoteli zake. Kivuko cha Bologonja, kati ya Maasai Mara na Serengeti, mpaka leo hakijarudishwa kwa watalii. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanavuka kila mwaka bila pasipoti, mtalii anazungushwa. Kwake yeye, ufunguo ulihama kutoka Nairobi ukaja Arusha, na hilo ni jambo jema.

Nilikubali nusu. Watalii wa Arusha walikuja kwa wingi baada ya mpaka kufunguliwa, si wakati ulipokuwa umefungwa. Lakini ni kweli kwamba kuna kitu Tanzania ilikilinda, na leo ni chake. Kilicholipiwa na nani? Si na wenye hoteli. Kililipiwa na mama mdogo wa Longido, na mwenye lori wa Nairobi, na mjomba aliyerudi bila ng'ombe.

Hilo ndilo ninaloliona likijirudia. Anayefunga mlango ana sababu, na mara nyingi ni sababu ya maana: maharamia, ugonjwa wa ng'ombe, viwanda vichanga, heshima ya taifa. Ila bili haiendi kwake. Inaenda kwa anayeishi karibu na mlango. Kajiado ni kaunti iliyojengwa karibu na mlango.

Na mlango huu haujaacha kubamizwa. Mwishoni mwa 2017, ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, waliovuka kutafuta malisho, walipigwa mnada Tanzania. Muda huo huo vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa Namanga kwa hofu ya homa ya ndege. Watu wa Kajiado walilia, na walikuwa na haki. Machi 2021 ikawa zamu yetu: Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ikiwa sumukuvu. Malori yakapanga foleni upande wa pili. Baada ya siku chache marufuku yakageuzwa kuwa masharti ya vibali na vyeti. Sumukuvu inaua, si mchezo. Lakini masharti yale yangeweza kuwekwa bila kumfungia mtu lori lenye mahindi juani. Julai 2025 Tanzania ikakataza wageni biashara 15, zikiwemo wakala wa pesa kwa simu, kutengeneza simu na saluni. Kwa mara nyingine tukasikia vijana wa huku wakisema nasi tulipize.

Ukitaka kujua kulipiza kunaumaje, nenda asubuhi kwa geti la EPZ, Athi River, hapo jirani. Maelfu ya vijana wanaolala Kitengela wanaingia humo kushona nguo zinazouzwa Marekani. Kazi yao inategemea mlango wa nchi ya mbali ubaki wazi, na ufunguo wa mlango huo hawajawahi hata kuuona. Mtu wa Mang'ola naye ni hivyo hivyo kwetu. Sisi ndio Marekani yake.

Daftari la mathe

Bado kuna binamu na ekari zake mbili. Kumwambia historia ya Ming hakulipi mkopo. Na ninakubali kwamba kuna kitu hakiko sawa pale mkulima wa Kimana anaposhindwa kuuza kilomita mia moja na kitu kutoka shambani kwake, huku kitunguu kutoka mbali zaidi kinauzika. Ila nilipomuuliza mathe kwa nini hakumwongezea bei, hakuzungumzia mpaka hata kidogo. Alisema vya binamu vilikuwa na maji. Alivuna mapema kwa sababu mwenye deni alikuwa anapiga simu, hakuvikausha, hana pa kuviweka. Ningevinunua ghali, alisema, vingenioza.

Kwa hivyo kinachomfunga binamu ni mkopo wa haraka na kukosa kibanda cha kukaushia. Hivyo viko upande huu wa Namanga. Serikali ikifunga mpaka kesho, deni bado litapiga simu, na kitunguu kibichi bado kitaoza, ila safari hii tutakila kwa bei mara mbili.

Nilimwambia hivyo kwa simu. Alinyamaza, halafu akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba ni rahisi kuongea hivyo mtu akiwa hajapanda kitu. Alikuwa sahihi na sikumjibu. La pili, aliuliza kama mathe anajua ni miezi gani malori ya Mang'ola hupungua.

Mathe anajua. Ana madaftari, yale ya kurasa 96, tangu alipoanza biashara. Kila siku ameandika lori limetoka wapi, neti ngapi, bei gani. Hakuna aliyewahi kumwomba ayaonyeshe, hata mimi niliyesomeshwa nayo.

Binamu alikuja Jumapili iliyofuata. Mathe aliyashusha kutoka juu ya kabati, akayapangusa vumbi na leso yake, wakaketi nayo mezani hadi chai ikapoa. Binamu alikuwa anapiga picha kurasa na simu, mathe anaeleza mwandiko wake.

Walipofika ukurasa wa Machi 2021, binamu alisimama. "Ona, Anti. Wakati ule wa mahindi, hata vitunguu vilipanda kidogo. Si nimesema? Wakifunga, mimi nitauza."

"Utauza," mathe akasema, akifungua ukurasa mwingine. "Na mwaka unaofuata, wao wakikufungia?"

Binamu alicheka kidogo, akaendelea kupiga picha.